Mdogo Wako Hataki Tena Kusikia Ndege

Mwanangu kifungua mimba,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko shuka nilizoanika wiki hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimekuachia, na kwamba siku hizi unakula ukashiba, si kudonoadonoa kama zamani. Sisi huku wazima wa mwili. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana kwenye beseni, lakini huo nimeshauzoea, ni kama jirani mkorofi, huwezi kuhama kwa ajili yake. Mdogo wako naye ni mzima, anakula, analala, ila nitakueleza.

Umeniuliza kwenye simu mara tatu kwa nini mdogo wako akisikia sauti yako anakata. Na mara zote tatu nimekujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mwanangu, mtandao hauna kosa. Nimeona nikuandikie kwa sababu katika nyumba hii hakuna linalosemwa likabaki siri. Unamjua mwenzio, ukinong'ona jikoni anakujibu akiwa chumbani. Kalamu ndiyo pekee isiyo na sauti, na hata hiyo juzi aliisikia, akauliza mama unaandika nini muda wote huo, nikamwambia naandika orodha ya nguo za wateja. Kwa hiyo ukiona mwandiko umekatika katikati ujue aliingia. Na makosa unisamehe, darasa la nne si darasa.

Nianze mwanzo ili usipotee. Unaikumbuka ile karatasi kubwa ya picha za ndege wa mjini uliyomletea ulipokuja likizo. Majina yake yalikuwa ya kigeni, ukakaa sakafuni jioni nzima ukiandika ya kwetu kwa kalamu pembeni ya kila picha, ulimi umeutoa nje kama mtoto wa shule. Ulisema yeye atasikiliza, mama atakuwa macho, na hivyo wawili watakuwa mtu mmoja aliyekamilika. Ulipoondoka tulifanya hivyo hivyo. Karatasi tuliibandika nyuma ya mlango wa chuma wa kutokea paani, mvua isiifikie. Kila asubuhi nikipanda na beseni kwenda kuanika, naye yuko nyuma yangu ameshika upindo wa gauni langu. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya shuka. Akisikia ndege ananyoosha kidevu upande sauti inakotoka. Mimi naacha kukamua, namtafuta ndege kwa macho, nikimpata nakwenda mlangoni namlinganisha na picha, kisha nasoma jina lake, polepole, herufi kwa herufi, unanijua.

Kunguru hakuhitaji karatasi. Jengo zima linamjua kwa sababu anatuibia sabuni. Lakini mdogo wako akaniambia kunguru ana sauti tatu, moja ya kuita wenzake, moja ya kumtukana paka, na ya tatu fupi na kavu ya kumfukuza mwewe. Njiwa wa kwenye tangi la maji alisema wanakoroma kama mzee aliyeshiba. Tetere alisema ni mtu aliyedhulumiwa, anarudia shitaka moja kutwa nzima na hakuna wa kumsikiliza. Siku moja akaniambia mama, mwewe anakuja. Nikainua macho, sikuona kitu, mbingu tupu. Akasema subiri, shomoro wote wamenyamaza kwa pamoja na kunguru amebadilisha sauti. Sijamaliza kuanika shuka ya tatu, mwewe huyo akapita juu ya tangi. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji.

Yule fundi cherehani wa chini yetu alikuwa akimtania kila akikutana naye kwenye ngazi. Anamwambia hebu njoo, bibie, usikilize tumboni mwangu, kuna ndege gani humu. Naye anamjibu huyo ni njaa, fundi, hana mabawa, asingekaa kwako muda wote huu.

Basi likaja jambo lenyewe. Nina mteja mmoja, mama wa makamo, nguo zake kila wiki zimejaa tope na miba, na shingoni hakosi darubini. Sisi tulimpa jina Bibi Darubini. Siku hiyo alifuata mashati yake akatukuta juu ya paa, akamsikia mdogo wako akinitajia ndege mmoja baada ya mwingine bila kugeuza shingo. Alisimama kama aliyekanyaga msumari. Akatueleza kwamba kazi yake ni kuhesabu ndege wa mijini, na ndege wengi hawaonekani, wamejificha kwenye majani na nyuma ya mapaa, kwa hiyo anayehesabu kwa macho anapata nusu, anayehesabu kwa masikio anawapata wote. Alikuwa akitafuta wasikilizaji sita. Watapelekwa kwenye kituo chao katika mji mwingine, watapewa vyumba, na mdogo wako atafundishwa kusoma na kuandika kwa vidole kama wanavyofanya wasioona waliosoma. Kazi ya kudumu, mwanangu, si kibarua. Baada ya miezi mitatu kutakuwa na mtihani, sauti ishirini kwenye spika, na kila moja itajiwe jina la ndege wake.

Hujawahi kumwona mdogo wako vile. Miaka kumi na tisa nimemlea, sikujua kwamba anaweza kutembea haraka. Alianza kuvaa viatu vya kamba ndani ya nyumba ili avizoee. Alipanda na kushuka ngazi peke yake bila kushika ukuta, akihesabu kwa sauti, mpaka majirani wakawa wanahesabu naye kutoka milangoni. Aliniuliza kama katika huo mji mwingine shomoro wanasema vilevile au wana lafudhi.

Siku ya mtihani tulikwenda wawili. Nilimpigia pasi lile gauni la vifungo. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya plastiki, watahiniwa kumi na wawili, yeye peke yake asiyeona. Aliyesimamia alikuwa mwalimu mmoja mzee mwenye kikohozi, mkubwa wa Bibi Darubini. Kila mtu alipigiwa sauti kwa mpangilio wake, na aliyemaliza alikaa nyuma akatazama wenzake. Mdogo wako aliitwa wa mwisho.

Mwanangu, alianza kama maji ya bomba. Spika haijamaliza, yeye ameshataja. Tisa za kwanza zote sawa. Mwalimu aliacha hata kukohoa, na Bibi Darubini alikuwa akitabasamu ametazama sakafu. Ya kumi ikalia, mdogo wako akasema kwezi. Mwalimu akamwambia fikiria tena. Akasema hana haja ya kufikiria, ni kwezi. Alikuwa shore. Ikaja nyingine akasema chozi, na huyo alikuwa chiriku, na hapo watu wakacheka, maana nani asiyemjua chiriku, hata mtu mwenye maneno mengi tunamwita chiriku. Alipolia chozi mwenyewe akasema chiriku. Alipolia kwezi akasema shore. Na kwa bahati mbaya hao wanne walirudiwa mara mbili mbili. Kila alipokosea alikosea kwa sauti ya juu na kwa uhakika, na hilo ndilo lililowachekesha zaidi.

Mwalimu akamuuliza kama masikio nayo yameamua kuyafuata macho. Watu walicheka, watu wazima wenye watoto wao. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma akawika kama jogoo, akauliza na huyu je, dada, ni bata? Bibi Darubini akapiga meza wanyamaze. Mdogo wako hakulia. Alisimama wima na viatu vyake vya kamba, akasema mama yangu amewaona hao ndege kwa macho yake, yuko pale nyuma, muulizeni.

Vichwa vyote vikageuka. Nilikuwa nimepakata mkoba. Mwalimu akaniuliza, mama, ni kweli? Nikasema mimi ni mfua nguo, sikusoma, ndege siwajui, nilikuwa nasoma tu alichoandika kaka yake. Mwalimu akasema basi kaka mtu akaandike mabango ya kinyozi, huko makosa hayaumizi mtu. Wakacheka tena.

Tulirudi nyumbani. Kwenye ngazi alishika ukuta. Tangu siku hiyo hapandi paani. Asubuhi, saa ile ndege wanapoanza, anajaza pamba masikioni na kufunga dirisha, joto lote hili. Saa hiyo nikimwita hasikii. Inabidi nimguse bega, naye anaruka kama mtu aliyepigwa kofi. Fundi cherehani alijaribu kumtania, akamjibu samahani, sijui uliko. Fundi akaja kuniuliza kama mtoto anaumwa.

Siku ya tatu Bibi Darubini alikuja mwenyewe. Alikaa juu ya furushi la nguo kwa sababu kiti kilikuwa na shuka mbichi. Akasema amepitia majibu yote upya. Masikio ya mtoto huyu, alisema, hayakukosea hata mara moja. Kila aliposikia shore alisema kwezi, na kila aliposikia kwezi alisema shore, hakuwahi kuchanganya, na wale wawili wengine ni vilevile. Sauti zote ishirini alizitenganisha, na katika wale kumi na wawili hakuna mwingine aliyeweza. Ni majina tu yaliyogeuzwa na mtu aliyemfundisha, tena ni majina manne, kazi ya asubuhi moja kuyanyoosha. Ameshambana yule mwalimu mpaka amekubali. Nafasi ni yake, inamsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Ila, akasema, angependa kuiona hiyo karatasi.

Hapa, mwanangu, kama umesimama, kaa.

Karatasi yako haikuwa na kosa. Uliandika vizuri, kila jina mahali pake. Ni mimi. Wiki ileile Bibi Darubini alipotaja vyumba vya mji mwingine, shore alitua kwenye waya wa nguo, kichwa cheusi, vilevile kama kwenye picha. Nilikwenda mlangoni, macho yakasoma shore, mdomo ukasema kwezi. Mara ya kwanza nilijiambia ni uchovu. Mara ya pili sikuwa nimechoka. Niliwachagua hao wanne kwa sababu nilikuwa bado sijamtajia, na hakuna mtu katika jengo hili anayewajua kwa sura wala kwa sauti, ningemgeuzia shomoro au kunguru hata fundi cherehani angenikamata. Na mdogo wako mwenyewe alikaribia kunikamata. Aliniuliza mbona chiriku anasemwa mropokaji, na huyu, mama, anasema tsi-tsi tu kisha ananyamaza? Nikamwambia mangapi yanasemwa juu ya watu na si kweli. Akacheka, akasema kweli mama, hata mimi wanasema sioni. Akayashika majina hayo kama nilivyompa. Miezi mitatu, mwanangu, kila asubuhi, nikimsahihisha akisema sawa na kumsifu akikosea. Nilitaka ashindwe kidogo tu, kimya kimya, turudi nyumbani, nimpikie. Sikujua kwamba wangecheka.

Nina sababu ambazo naweza kumpa mtu yeyote. Nani atamwambia gauni lake limechafuka nyuma? Nani atautazama mkono wa mwanamume anayesema njoo nikuvushe barabara? Hizo ni kweli, lakini wewe ni mtoto wangu, nikupe na ile nyingine. Baba yenu aliondoka. Wewe uliondoka. Yeye ndiye aliyebaki ambaye nikiwa bado ngazi ya chini kabisa anajua ni mimi, na kwa hatua zangu tu anajua kama leo mguu unauma. Siwezi kurudi kwenye nyumba isiyonisikia.

Bibi Darubini alipoiomba karatasi, nilikuwa nimeshaichovya kwenye beseni la kuloweka asubuhi ya siku iliyofuata mtihani, ikawa uji, nikaimwaga chooni. Nikasema mvua iliiharibu. Akauliza majina aliyaandika nani. Mdogo wako alikuwa amekaa mkabala nami, uso ameuelekeza kwangu, anasubiri. Nikasema kaka yake. Hiyo walikuwa wameshaisikia ukumbini. Lakini mdogo wako akauliza polepole, mama, kaka alikosea au alifanya makusudi?

Hapo ningeweza kusema alikosea. Neno moja, na leo angekuwa anapokea simu zako. Lakini kosa linasahihishwa, mwanangu. Mtu aliyekosewa hucheka akaenda zake kituoni. Nikasema mimi sijui, wewe unamjua kaka yako na mizaha yake, kumbuka ngazi. Ile siku ulipomwambia ngazi zimekwisha kumbe ilibaki moja, akaanguka akavunjika jino. Mlikuwa watoto, na wewe ndiye uliyelia siku mbili, si yeye. Hilo sikulisema. Niliuona ulimi wake ukitembea ndani ya shavu mpaka kwenye lile jino.

Bibi Darubini alinitazama sana. Sidhani aliniamini. Alikunja mashati yake akaondoka, na sasa nguo zake anapeleka kwa mwingine.

Kituoni hataki kwenda. Anasema aliyedanganywa majina manne atajuaje kama la tano ni kweli, na ikiwa kaka yake wa tumbo moja amemfanyia hivyo, wageni watamfanyia nini. Ananiuliza kila kitu sasa. Hili shati ni la bluu kweli? Huu ni mlango wa kwetu kweli? Nikimjibu ananishika mikono yote miwili, anasema, mama, nimebaki na wewe tu. Ndicho nilichokitaka. Nimekipata, na kinanikaa kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitoki. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili nikamwuliza kama anataka chai.

Mwezi umebakiza siku tisa.

Najua unaweza kuharibu yote kwa simu moja, au kumtafuta Bibi Darubini. Sitakulaani. Lakini fikiri kidogo kabla. Wewe anakuchukia ukiwa mbali, na chuki ya mbali hailali nyumba moja na mtu. Una mke, una mtoto, una kazi, ukikosa simu ya dada yako utasikitika Jumapili, Jumatatu utakwenda kazini. Mimi akinichukia atakula kwa mkono wa nani? Atashuka ngazi na nani? Mtoto mkubwa ndiye aliyenibebea maji tangu ana miaka sita bila kuuliza ndoo ni ya nani. Nibebee na hili.

Kwa hiyo nakuomba, usipige. Andika. Mwambie, mdogo wangu, ni kweli, niliyageuza majina kwa mzaha, sikujua kama yangekufikisha huko, nisamehe. Hayo tu. Usiweke maneno ya kumhimiza aende, na tarehe ya mwisho usiitaje. Akishajua ni nani ataacha kujiuliza, na moyo utapoa, na labda siku moja atakusamehe, ana roho nzuri. Nitamsomea mimi.

Msalimie mkeo, mwambie nguo za mtoto asizianike karibu na barabara, vumbi linamwingia kifuani kama baba yake. Mjukuu wangu mbusu kwenye kisogo. Fundi cherehani anakusalimu. Mdogo wako hakunipa salamu zako, kwa hiyo pokea za kwangu mara mbili.

Na hiyo barua uiandike kwa herufi kubwa zilizoachana, maneno mepesi, nisije nikakwama katikati ya mstari. Nikisita hata kidogo, atasikia.

Akupendaye bila kipimo,
Mama yako